Walivyomvisha Kishindo Mkanda

Dada yangu,

Salamu nakutolea kwanza, kwa sababu Mama alitulea hivyo, kwamba hata mtu unayekwenda kugombana naye unaanza kwa kumbishia hodi. Hujambo? Shemeji hajambo? Mgongo wake umepata nafuu, au bado anatembea kama mtu aliyebeba friji? Na wanangu wanaendeleaje, yule mkubwa ameacha kujifungia chumbani na simu? Wape wote salamu zangu. Mimi mwili wangu ni mzima. Baba naye mwili wake ni mzima. Anakula, anaoga, asubuhi anafagia mlangoni kwake na kumnyang'anya fagio yeyote anayetaka kumsaidia. Lakini kusema hasemi. Leo ni siku ya kumi na tano.

Ujumbe wako wa simu nimeupata. Niliusoma nimesimama jikoni, nikausoma tena nimekaa. Umeniuliza nilikuwa wapi. Umesema nafanya kazi kwenye studio ileile, nimekaa mle na masikio yangu mawili, halafu nikawaacha watu wamtendee Baba walivyomtendea, nikiwatazama kama kinyago. Damu ilinichemka, Dada. Wewe uko huko mbali, unakuja mara moja kwa mwaka na mikoba mitatu, unakaa siku nne, unapanga upya makabati ya Baba ambayo hakukuomba uyapange, unaondoka. Mimi ndiye niliye hapa. Nilishika simu nikupigie, nikaiweka. Nikikupigia hunipi nafasi. Nikifika katikati ya sentensi umeshanimalizia, tena unaimalizia unavyotaka wewe. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi vaa miwani, kaa chini, unisome mpaka mwisho.

Naanza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, maana mengi unayajua nusunusu.

Baba alimchora Kishindo kwa miaka kumi na tisa. Mchana alikuwa mchora mabango ya maduka, na jioni alikaa kwenye ile meza iliyokuwa na mguu mmoja mfupi, akachora ukurasa wa nyuma wa gazeti la Ijumaa, visanduku sita, si zaidi. Kishindo hakuwa na mabawa, hakuvaa barakoa, hakutoka sayari nyingine. Alikuwa fundi bomba mwenye kigugumizi. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Neno likimkwama, linajaa ndani yake, linajaa, na siku likitoka linasukuma ukuta. Unaukumbuka ukurasa wa bwawa? Bwawa limepasuka, maji yanakuja juu ya mji, Kishindo amesimama barabarani na spana mkononi anataka kuyaambia maji yasimame. Visanduku vinne vizima ni herufi moja tu, inarudi na kurudi, kila kisanduku kubwa zaidi, na watu nyuma yake wanamtazama wamekata tamaa. Kisanduku cha tano neno linatoka na linajaza kisanduku chote mpaka hakuna nafasi ya kumchora yeye. Cha sita, maji yamesimama kama ukuta wa kioo na kuna samaki mmoja anachungulia. Watu waliukata ukurasa ule wakaubandika kwenye milango. Watoto wenye kigugumizi walimwandikia Baba barua, na Mama alizisoma kwa sauti mezani.

Sisi tulijua Kishindo ametoka wapi. Baba akienda dukani kununua misumari, wanaomfuata kwenye foleni huanza kuhesabu mbao za dari. Wenzake wa mabango walimwita Bwana Subiri, naye akaitika, akacheka. Lakini ndani ya nyumba Mama aliweka sheria: Baba akikwama hakuna wa kummalizia. Unangoja. Kama kijiko kiko njiani kwenda mdomoni kinangoja hapohapo. Wewe ndiye uliyekuwa ukivunja sheria ile, na Mama alikuachia, kwa sababu alijua ni mapenzi. Mimi sikuivunja hata siku moja. Nilingoja kwa adabu, uso mkavu, na moyoni nilikuwa nakufa kwa aibu.

Sasa tuje kwa mwongozaji wa ile katuni. Wewe umemwona mara moja tu, kwenye simu yangu. Sisi studio tunamwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake, hata ndani, hata kwenye msiba. Alikuja kwa Baba mwaka juzi. Alisema amekua na Kishindo, kwamba kituo cha televisheni kinataka kumfanya katuni ya sehemu kumi na tatu, na kwamba hatagusa kitu. Baba alimtolea michoro ya zamani kutoka chini ya kitanda, na Kofia alipoona ule wa bwawa alitoa leso. Mimi nilikuwepo. Nilimwamini, na hata leo nikiwa na hasira hii siwezi kukwambia kwamba yale machozi yalikuwa ya bandia.

Kisha alisema jambo ambalo lilinishtua. Alisema hakuna mwigizaji atakayeweza kuwa sauti ya Kishindo. Mtu mwenye ulimi mzima akiigiza kigugumizi, watu wataona anawadhihaki. Sauti ya Kishindo ni ya Baba, basi. Baba alikataa mara tatu, na unajua "hapana" moja ya Baba inachukua muda gani. Mara ya nne alinitazama mimi, akaniuliza kama nitakuwepo. Nikamwambia nitakuwa upande wa pili wa kioo kila siku, mimi ndiye nitakayeshughulikia sauti yake na hakuna mwingine. Ndipo alipokubali.

Alirekodi siku kumi na moja. Kila siku shati jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Nilimwambia mle ndani hakuna anayemwona, akaniandama kwa macho tu. Siku ya kwanza alikwama kwenye neno la kwanza kabisa, muda mrefu, mpaka kijana wa mitambo akanigeukia aniulize azime. Nikamfanyia ishara kwamba tunangoja. Neno likatoka. Kufika siku ya tatu yule mama anayeigiza jirani wa Kishindo aliomba dakika tano akanawe uso. Na Baba, Dada, alifurahi. Tulikuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, naye anaongea njia nzima. Ananieleza jinsi Kishindo angetembea, anasimama mbele ya maduka kunionyesha, watu wanatupita, na yeye hajali kakwama wapi wala nani anamngoja. Miaka sabini na minne, na sijawahi kumsikia akiongea barabarani.

Baada ya hapo ikawa kimya cha miezi, maana katuni hazitoki haraka. Elewa kazi yetu inavyokwenda: sauti inakuja kwanza. Inarekodiwa, inasafishwa, halafu wachoraji wanaisikiliza na kuchora midomo inayofuata sauti ile, kipande kwa kipande. Midomo ikishachorwa, imechorwa. Baba alikuwa akiniuliza kila wiki, nami nikimwambia bado, bado kidogo.

Ikafika ile Jumamosi ya sehemu ya kwanza, saa kumi alasiri. Baba alikuwa ameazima viti. Alikuwepo yule nesi mstaafu wa nyumba ya mbele, kinyozi na watoto wake watatu, mshonaji na mumewe, wengine hata siwajui. Baba yuko katikati, shati jeupe. Muziki ukalia, jina lake likapita kwenye skrini kwa herufi kubwa, watu wakapiga makofi. Kishindo akatokea na spana yake, akafungua mdomo.

Maneno yakatoka mfululizo kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Ilikuwa sauti ya Baba. Ule uzito wake, ule mkwaruzo wake wa chini, yote ya kwake. Lakini haikwami popote. Sentensi inaanza, inakwenda, inaisha. Kisha ukafika wakati wa ukuta kuanguka, na badala ya neno kukwama, Kishindo akashika kiuno chake. Wamemvisha mkanda, Dada. Mkanda wa dhahabu, una taa ya bluu mbele kama ya gari la wagonjwa. Anabonyeza, taa inawaka, ukuta unaanguka. Fundi bomba wa watu, miaka kumi na tisa anavaa kamba ya katani, leo ana mkanda wenye swichi.

Watoto walishangilia. Wao wana kosa gani? Ni kinyozi aliyeniua. Aligeuka, uso umejaa furaha, akamwambia Baba kumbe anaweza kusema vizuri namna ile, kumbe miaka yote anawazuga. Wote wakacheka, kicheko cha wema. Wote wakamgeukia wamsikie atajibu nini. Baba akafungua mdomo. Na mtoto mdogo wa kinyozi, kamsogelea mpaka magotini, akamwambia, "Babu, sema kama ile ya kwenye televisheni."

Baba alifunga mdomo. Akasimama, akamshika yule mtoto kichwani kwa upole, akaenda chumbani kwake. Nesi mstaafu alidhani amezidiwa na furaha, akasema tumwache apumzike. Nikabaki mimi kupanga viti vya watu.

Tangu hapo hakuna neno. Anaandika kwa penseli nyuma ya karatasi za zamani za oda za mabango. Nikimuuliza kama anataka chai, anaandika ndiyo, bila sukari. Siku ya nne nilimpigia magoti, nikamwambia Baba sema nami, hata unitukane. Alichukua karatasi, akaandika taratibu, hati yake ileile nzuri ya mabango: "Ile ya kwenye televisheni inatosha." Karatasi ninayo mkobani. Kila nikitafuta funguo naigusa.

Sasa unajua wewe ulichofanya. Ulimpigia Kofia simu, ukamwosha kwa maneno, ukamwita mwizi, ulipokwisha ukanisimulia, na mimi nikakusifu. Na mimi mwenyewe Jumatatu ile nilimwendea ofisini mlango ukiwa wazi, watu wote wanasikia. Nilimwambia amemng'oa mzee ulimi kisha akauchezesha mbele ya majirani. Nilimwambia huo mkanda angejinyongea nao. Alijaribu kunieleza kwamba wenye kituo wameipenda, kwamba televisheni haina subira, kwamba watoto wanataka shujaa mchangamfu, kwamba kuna mpango wa kutengeneza mikanda ya plastiki. Kila sababu ilinipandisha zaidi. Mikanda ya plastiki! Nilipiga meza mpaka chai yake ikamwagika.

Akavua kofia. Ana upara, na una kovu. Akaiweka kofia mezani, akaenda kufunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, kabla hujanitukana tena, nikumbushe. Sauti ya Mzee niliipokea ikiwa vipi? Nani alinipa?"

Dada yangu, hapa ndipo nilipotaka barua iishie. Nimezunguka meza mara mbili kabla ya kuandika mstari huu.

Hakuna aliyeniamuru.

Kazi yangu ni kusafisha sauti. Mtu akikohoa naondoa, kiti kikilia naondoa, mate yakisikika, neno likirudiwa, naondoa. Vidole vyangu vinafanya wakati mimi nafikiria mboga. Kwa hiyo kwa siku nyingi nimejidanganya kwamba ilikuwa mazoea ya mkono, mkono ulikwenda wenyewe. Ningeweza kukuandikia hivyo na ungenisamehe, maana wewe hujui kazi hii. Lakini kikohozi kinaondoka kwa kupepesa jicho. Baba haondoki kwa kupepesa jicho. Kumnyoosha Baba kulinichukua wiki tano, mlango umefungwa. Sehemu ya kwanza peke yake ilikuwa na mahali mia moja na kumi na nne pa kukata. Ukikata ovyo inasikika, kwa hiyo nilikuwa naazima silabi kutoka sehemu ya tatu naileta ya kwanza, nachukua pumzi yake alipokuwa amepumzika naiweka kati ya maneno mawili ili ionekane alipumua mwenyewe. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani mwangu. Hilo ndilo ninaloshindwa kujisamehe.

Nilianza kwa sentensi moja. Nilijiambia ni moja tu, ya kwangu mwenyewe, nisikie. Nilitaka kumsikia baba yangu akisema kama baba za watu. Nilipoimaliza niliisikiliza labda mara kumi, nikalia. Kisha nikafanya ya pili.

Kofia alipita mlangoni siku moja, akasimama, akauliza yule ni nani. Nikamwambia ni Mzee. Akasikiliza akiwa ameshika mlango. Kisha akaniuliza, nakumbuka maneno yake moja moja, kama Mzee anajua kwamba tunafanya hivi. Nikamwambia anajua. Nikamwambia amefurahi sana. Nilisema hivyo bila kusitasita, ulimi wangu ukiwa laini kama siagi. Kofia akaipeleka kwa wenye kituo, wakaipenda, na kwa kuwa sasa hapakuwa na neno linalokwama, ukuta ukakosa kitu cha kuuangusha. Ndipo mkanda ulipoingia. Nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilishika tama nikanyamaza. Miezi yote ile Baba akiniuliza, nikimjibu bado kidogo, nilikuwa nangoja nini? Nilidhani atafurahi. Naapa kwa kaburi la Mama, sehemu fulani ya akili yangu ilidhani atajisikia akisema bila kukwama, atafurahi, atanishukuru. Na sehemu nyingine ilijua, ndiyo maana haikumwambia.

Basi mwizi uliyemtukana kwenye simu siye. Na hasira zote nilizomwaga kwenye meza ya yule mtu zilikuwa zangu, nimempelekea azibebe. Nimemwomba radhi mbele ya watu walewale walionisikia. Nimemwomba pia turudishe zile sehemu kumi zilizobaki kama Baba alivyozisema. Ameniambia midomo yote imeshachorwa kwa sauti ile niliyoinyoosha, mikanda yote imeshapakwa rangi, na wenye kituo hawatasikia. Halafu akaongeza, na hapa nilitamani anipige kofi badala yake, kwamba wameniona, na wanataka niwe mkuu wa idara ya sauti. Nimekataa. Sehemu zilizobaki sizigusi, anayetaka azimalize. Kama nitafukuzwa, nifukuzwe.

Bado kuna moja, na hii ni ya zamani. Nilikuwa darasa la tatu, wewe la sita. Siku ya wazazi, ukumbi umejaa, wazazi wanaitwa mmoja mmoja waeleze kazi zao. Baba akapanda jukwaani na ukurasa wa Kishindo umekunjwa mkononi. Akakwama kwenye jina la kazi yake. Ukumbi ukanyamaza, ukanyamaza, kisha mtu mmoja akacheka, na wote wakafuata. Wewe ukasimama kule nyuma ukammalizia Baba sentensi kwa sauti iliyofika barabarani. Halafu jioni ukamkamata binti wa fundi saa, kwa sababu alikuwa amekaa upande ule kicheko kilikotokea, ukampiga mpaka sare yake ikachanika bega. Aliapa si yeye, ukamwongeza. Hakuwa yeye, Dada. Alikuwa amekaa karibu nami. Nilicheka mimi. Nilicheka kwanza, kabla mtu yeyote hajacheka, ili watoto wengine wasije wakajua kwamba yule ni wangu.

Ya hapo juu niliyaandika jana. Leo ni Jumapili, naendelea.

Niliamua barua hii haiendi posta kabla Baba hajaisikia. Ukiisoma wewe kwanza utafunga safari, utamwendea, utaniombea msamaha kwa maneno mazuri kuliko yangu, na tutakuwa tumemfanyia Baba yaleyale kwa mara nyingine. Kwa hiyo saa nne asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi sebuleni anachonga penseli na kisu. Televisheni ameifunika shuka. Nikamwambia nina barua nimemwandikia Dada, nataka nimsomee yeye kwanza, na kwamba akitaka kunifukuza katikati anifukuze. Akaendelea kuchonga.

Nikasoma. Sikuruka kitu. Sikuruka hata aibu ile ya mezani, wala wiki tano, wala "amefurahi sana". Niliposoma kuhusu mia moja na kumi na nne aliweka kisu chini. Niliposoma kuhusu siku ya wazazi sauti yangu ilikatika, nikaendelea mpaka neno la mwisho. Kisha nikakunja karatasi, nikakaa, mikono mapajani kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Nikaona mkono wake unaelekea kwenye ile karatasi ya oda, nikajua ataandika, nikajiambia nimestahili. Lakini mkono uliishia njiani. Akanitazama, akafungua mdomo.

Ilianza kwa N. Ikarudi, ikarudi, shingo imemkaza, macho amefumba, unajua anavyofumba. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimeshaanza kummalizia kichwani. Nilidhani ni nenda. Nikadhani ni nimekusamehe. Nilitaka sana iwe hiyo, midomo yangu ilianza kuichukua ili nimsaidie, nikaiuma. Nikangoja. Dada, nimekuwa mwanawe miaka arobaini na mmoja na sidhani kama niliwahi kumngoja kabla ya leo.

"N-n-n-nilikuona," akasema.

Sikuelewa mara moja. Akainua mkono akaonyesha mbele, chini kidogo, kama mtu aliyesimama jukwaani anavyoweza kuonyesha safu ya tatu.

Alijua tangu siku ile ya wazazi. Alinibeba mabegani tulipokuwa tunarudi nyumbani siku ileile, unakumbuka? Aliniona, akanibeba. Alinilipia shule na mafunzo ya sauti, akaja kukaa nyuma ya kioo changu na shati jeupe, akaniuliza kama nitakuwepo, na alikuwa ameniona.

Hakusema amenisamehe, wala sikumuuliza. Nilimpikia, akala, nikaosha vyombo, nikaondoka. Mlangoni hakunisindikiza, lakini alisema kesho nilete maziwa, na lilimchukua muda.

Basi, Dada, habari zangu ni hizo. Salamu zangu kwa Shemeji, mwambie asibebe vitu vizito. Wanangu wabusu kwa niaba yangu, na barua hii wasomee ukiona wamefika umri. Binti wa fundi saa nimesikia bado anaishi karibu na shule yetu ya zamani; nitamtafuta mimi, usijishughulishe. Kunikasirikia unikasirikie unavyotaka, sitajitetea. Ila nakuomba jambo moja. Ukimpigia Baba simu akikwama, mngoje. Na ukija, usinisemee kwake.

Mdogo wako.